Punda wa Dumila: Maisha ya Dada Yetu Eufrazia Kobelo

Baba Paroko, mama yetu Winfrida, wajomba na shangazi wa ukoo, majirani wa hapa Nyandira, na nyinyi mliopanda mlima huu na matope yake kutoka Kihonda, Mazimbu na Dumila, Tumsifu Yesu Kristo, na kwenu ndugu zetu Waislamu, Asalaam aleikum. Mimi ni Paulo Petro Kobelo, mdogo wake marehemu, tulioachiana ziwa, na ukoo umenisimamisha hapa kwa kuwa ndimi mjomba wa watoto wake, na pia kwa kuwa yeye mwenyewe, akiwa na akili zake timamu, aliniagiza nisome mimi, tena akaniagiza jambo ambalo nisilifiche.

Kabla sijaanza, nina neno kwa ndugu zetu mliosimama kule kwenye migomba. Tunawaona, wala hatuwalaumu, maana hata sisi wa tumbo moja naye tumeogopa, na wengine tunaogopa mpaka sasa. Lakini Daktari Diana, aliyemhudumia dada yetu, yuko hapa mbele, na ametuambia wazi kuwa jeneza lililofungwa haliambukizi, udongo wa kaburi hauambukizi, na kumshika mkono mfiwa hakuambukizi. Viti vipo. Sogeeni.

Eufrazia Petro Kobelo alizaliwa hapa hapa Nyandira, tarehe 14 Agosti 1979, mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu mzee Petro Kobelo na mama Winfrida, akabatizwa mwezi huo huo katika parokia yetu ya Mgeta, na wanaomkumbuka akiwa mdogo watakubaliana nami kwamba alikuwa mtoto mwoga kuliko sote. Aliogopa ukungu ukishuka kwenye matuta ya kabichi kiasi kwamba hamwoni mwenzenu wa tuta la pili, aliogopa radi, aliogopa kinyonga, na zaidi ya yote aliogopa sauti ya komba, maana bibi zetu walituambia ule si mlio wa mnyama, bali ni kilio cha mtoto aliyetupwa msituni anayemtafuta mama yake, na Eufrazia akisikia kilio kile alijifunika blanketi mpaka kichwani na kunishika mimi mkono hadi unakufa ganzi.

Asubuhi moja baba alirudi kutoka shambani na komba aliyenaswa kwenye mtego wa panya, kiganja kimevunjika, akamwita Eufrazia aje amwone huyo anayemkosesha usingizi. Sote tulikimbilia nyuma ya jiko. Yeye alibaki kwa sababu miguu ilikataa kukimbia, na baba akamwekea yule mnyama kwenye khanga mapajani, mnyama asiyefika hata ukubwa wa mtoto wa paka, macho yamemtoka, moyo unamdunda mpaka khanga inacheza.

"Baba," akasema, "huyu anaogopa kuliko mimi."

"Basi mshike taratibu," baba akamjibu. "Mwoga humjua mwoga mwenzake."

Yule komba alikaa kwetu, akafungwa kijiti mkononi, akala ndizi zetu mpaka akapona akarudi msituni, na sisi wa nyumbani tunaamini kwamba kazi ya dada yetu ilianzia pale jikoni, ingawa yeye mwenyewe alikuwa akicheka tukisema hivyo, akidai kuwa ilianzia pale alipopata mshahara.

Alisoma Shule ya Msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, akachaguliwa kujiunga na sekondari ya bweni mwaka 1994, akamaliza kidato cha nne mwaka 1997, na baada ya kumsaidia mama kilimo cha njegere na karoti kwa muda, alijiunga na chuo cha mifugo pale Morogoro mjini, akahitimu stashahada ya afya ya mifugo mwaka 2001. Mwaka 2002 aliajiriwa kama ofisa mifugo msaidizi, kituo chake cha kwanza kikiwa Dumila, njia panda, mahali ambapo malori hayaishi wala vumbi haliishi, na ambapo punda walikuwa wakibeba maji, vitunguu na mkaa mpaka migongo inachubuka. Huko ndiko alikofahamiana na ndugu Halidi, wakati huo kijana mwenye punda wawili, ambaye walianza kwa kugombana juu ya vidonda vya punda hao, na wakaishia kuwa kama ndugu, hata Halidi akawa akimwita Dada Daktari, ingawa alimkataza mara nyingi, akisema yeye si daktari.

Tarehe 16 Oktoba 2004 alifunga ndoa takatifu na bwana Amani Lukoa, fundi wa maabara katika kampasi ya Mazimbu, na Mungu akawajalia watoto wawili, Irene aliyezaliwa mwaka 2006, na Faraja aliyezaliwa mwaka 2010. Mwaka 2009 alihamishiwa Manispaa ya Morogoro, familia ikajenga Kihonda, wakati ule bado mapori yako mlangoni, watu wanafyeka leo na kesho wanamwaga msingi, na wanyama waliokuwa na makazi yao humo wakawa hawana pa kwenda ila kwenye dari za watu, kwenye maghala na kwenye mitaro.

Hapo ndipo watu walipoanza kumpigia simu. Mama Irene, kuna chatu ghalani. Mama Irene, mbwa amegongwa barabara ya Dodoma bado yuko hai. Mama Irene, kuna tumbili amefungwa mnyororo pale baa, wanamnywesha bia wakimcheka. Mwaka 2013 alianzisha shirika dogo la kuokoa wanyama, akishirikiana na mzee Nassoro, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye alitoa eneo nyuma ya nyumba yake na gari lake aina ya pikapu, wakaliita Kimbilio, na kwa miaka kumi na miwili Kimbilio limepokea mbwa, paka, punda, komba, bundi, kenge na nyoka wa kila namna, wengine wakapona wakarudishwa porini, wengine wakapata wenyewe wa kuwafuga, na wengine wamezikwa chini ya ukuta wa nyuma, ambako marehemu alikuwa amepanda maua.

Watu wengi walimwona jasiri. Mzee Nassoro, aliyekuwa naye kwenye kila safari, ameniomba nisahihishe jambo hilo, kwamba hakuwahi kumwona akiwa haogopi, kwamba wakiitwa kwa ajili ya nyoka alimwomba asimamishe gari kabla ya kufika, anainamisha kichwa, anasali, mikono inamtetemeka hata hawezi kufunga vifungo vya koti, na kutetemeka huko hakukwisha mpaka anapomgusa mnyama mwenyewe. Siku moja mzee alimuuliza kwa nini hafanyi kazi nyingine, naye akamjibu, "Mzee wangu, nikiacha kuogopa ndiyo siku nitakayoumia."

Mwaka 2017, mwezi Septemba, Kimbilio lilikuwa na bundi wawili waliovunjika mbawa, na jirani, mama mmoja aitwaye Stella, akawa na mtoto mchanga aliyeshikwa na degedege. Sote tunajua yanayosemwa juu ya degedege na ndege. Mchana wa saa nane umati ulifika langoni ukiwa na mawe, marungu na dumu la petroli, na maneno yaliyosemwa siku ile sitayarudia mbele ya mama yetu, ila lililokuwa dogo kuliko yote ni mchawi. Jiwe la kwanza lilivunja kioo cha gari, la pili likamuua mbwa aliyekuwa amefungwa bandeji, hawezi kukimbia. Irene alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, yuko ndani, anatazama kupitia tundu la mlango, na ndiye aliyenisimulia kwamba mama yake alisimama dakika nzima ameshika komeo, analia kwa woga, kisha akafungua.

"Mtoto yuko wapi?" akawauliza.

"Mtoe kwanza ndege wako!"

"Ndege nitamtoa, nimesikia. Nauliza mtoto yuko wapi sasa hivi?"

Ikaonekana mtoto bado yuko nyumbani, anafukizwa majani, Stella naye amezimia. Eufrazia akasema mbele yao wote, "Mimi nabaki hapa, nichomeni mkitaka, lakini mpisheni Nassoro na gari ampeleke mtoto zahanati." Wakapisha. Yeye akakaa chini pale langoni, katikati yao, dumu la petroli liko karibu na mguu wake, wakangoja, na alituambia baadaye kwamba hakuna kitu alichokiomba maishani kama alivyoomba mtoto yule apumue. Mtoto alikutwa na malaria kali, akatundikiwa dripu, akapona. Stella yuko hapa leo, ndiye aliyepika chakula mtakachokula, na mtoto yule anasoma darasa la pili.

Baada ya siku ile dada yetu alibadilika. Hakuwachukia watu wa Kihonda, bali alianza kusema neno ambalo tumelisikia mpaka tukalichoka, kwamba tunaogopa vitu ambavyo havituui. Tunamwogopa bundi, tunamwogopa kinyonga, tunamwogopa komba, halafu mbwa asiyechanjwa anamng'ata mtoto, tunapaka majivu na kusema ni kidonda tu. Akaanza kuzunguka shule kwa shule akifundisha juu ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao mtu akiwahi kuchoma sindano mara anapong'atwa anapona, na akichelewa mpaka dalili zikaanza, hakuna dawa, si hapa, si Ulaya. Kila mwaka Kimbilio liliita watu walete mbwa wao wachanjwe, na mistari ilikuwa mirefu hadi barabarani.

Sasa nafika mahali ambapo aliniagiza nisifiche. Mtu anayefanya kazi kama yake hutakiwa kuchoma kinga mapema, kabla hajang'atwa. Eufrazia alichoma sindano ya kwanza mwaka 2014, kisha mama yetu akaugua, akapanda huku Nyandira kumuuguza, akashuka akiwa amechelewa, akasema atarudi kumalizia. Hakurudi. Alinitazama pale hospitali akasema, "Paulo, usisome kwamba niliugua ghafla. Mwalimu wa somo ndiye aliyefeli mtihani. Waambie hivyo hivyo."

Jumamosi, tarehe 8 Machi mwaka huu wa 2025, Halidi alimpigia simu kutoka Dumila, kwamba punda wake mkubwa hali wala hanywi, anatoa mate, shingo kainyosha, na wanadhani amekwamwa na gunzi la muhindi kooni. Dada yetu na mzee Nassoro wakaondoka asubuhi ile ile. Walimkuta punda amefungwa chini ya kivuli, mke wa Halidi, Mwanahawa, anajaribu kumnywesha uji kwa mkono, na jirani yao aitwaye Nasibu amemshika kichwa. Eufrazia aliuliza, na mzee Nassoro alimsikia kwa masikio yake, "Halidi, kuna mbwa yeyote amemng'ata huyu punda?"

"Hapana, Dada Daktari. Hakuna mbwa hapa."

Na Halidi hakusema uongo. Yaelekea mbwa alipita machungani, punda wakiwa peke yao, na hakuna jicho la mtu lililomwona. Dada yetu akafikiri ni gunzi, au ni pepopunda, maana pepopunda nayo hukaza taya na koo, akatafuta glavu kwenye begi, akazikuta zimechanika, na mnyama anakoroma kama anayekabwa, akauingiza mkono wake wa kulia mtupu mpaka kwenye koo la punda, akapapasa, hakukuta kitu. Mkono ule ulikuwa na mikwaruzo ya paka, ya siku hiyo hiyo.

Punda alikufa Jumatatu. Eufrazia alipopata habari alitaka kichwa kipelekwe maabara, lakini walikwisha kumchoma moto na kumfukia, na hapo akamwambia Nassoro kwamba kuna kitu kinamkera moyoni, kwamba ataenda kuchoma sindano wiki ile, na wote waliomshika punda waende. Wiki ile ndiyo mvua zilipofumuka. Mnazikumbuka wenyewe. Mitaro ya Kihonda ilifurika, mbwa wakabaki juu ya mapaa, nyoka wakaingia vitandani mwa watu, simu ikawa haipoi, na Kimbilio lenyewe likaingiwa na maji mpaka kwenye vizimba, wakawa wanabeba wanyama migongoni kuwapandisha juu. Mvua ilipokatika, siku zilikuwa zimekwenda, hakuna aliyeumwa, na lile lililomkera likazama chini ya uchovu. Hivyo ndivyo ilivyotokea. Hakuna mchawi, hakuna mkono wa mtu.

Mwishoni mwa Aprili alianza kulalamika kwamba mkono wa kulia unamwasha na kuchonyota, akaukanda kwa maji ya moto, akasema ni kubeba vizimba. Akakosa usingizi. Akawa anashtuka mlango ukigongwa. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 9 Mei, Irene alimpelekea chai mezani, naye akainua kikombe, na kabla hakijagusa mdomo koo lilijifunga, mwili wote ukashtuka, chai ikamwagika. Akajaribu tena, polepole, ikawa vile vile. Irene anasema mama yake aliweka kikombe chini kwa uangalifu sana, akakitazama kwa muda, na uso wake ukawa uso ambao hajawahi kuuona kwa mtu aliye hai.

"Irene, mwanangu," akasema, "usikiguse hicho kikombe. Toka nje, kamwite baba, na Faraja asiingie humu."

Shemeji yetu Amani alipofika alimkuta amekaa amefunga mikono kifuani, naye akamwambia moja kwa moja, "Baba Irene, hii ni kichaa cha mbwa."

"Acha maneno hayo. Umechoka tu."

"Niletee maji basi."

Amani akaleta maji kwenye bilauri, na kwa kuyaona tu, kabla hayajafika mezani, shingo ya mke wake ilikakamaa mbele ya macho yake. Akaiweka bilauri nje. Anasema mpaka leo hajaweza kupita pale ilipo bilauri ile.

Ndugu waombolezaji, mtu mwingine angelia juu ya nafsi yake, na alikuwa na kila haki, kwani alijua kuliko sisi sote kinachomjia, amekifundisha kwenye mashule kwa miaka minane. Lakini jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumpigia mzee Nassoro, na maneno yake yalikuwa haya, "Mzee, yule hakuwa na gunzi. Nenda Dumila sasa hivi. Halidi, mkewe, na yule aliyeshika kichwa. Na wewe mwenyewe. Wakiwa hawajaanza kuumwa, bado wana nafasi. Usirudi bila wao."

Tulimpeleka hospitali. Daktari Diana alimsikiliza, akamuuliza juu ya punda, akampepea uso kidogo kwa karatasi, akaona koo linavyokaza, akatoka nje kwenye korido kutuambia. Walimpa chumba cha peke yake, wakafunga mapazia, wakazima feni, maana hata upepo ulimtesa, na sisi tukawa tunaingia mmoja mmoja na barakoa na glavu. Nimekuwa mtu mzima, nimezika baba, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa mlango ule. Kulikuwa na saa ambazo alipiga kelele asitujue, na kulikuwa na saa ambazo alitulia akawa Eufrazia yule yule, na hizo ndizo zilizokuwa ngumu zaidi, kwa sababu katika kila moja ya saa hizo aliuliza swali lile lile.

"Nassoro amewapata?"

Siku ya kwanza Nassoro alimpata Nasibu tu, ambaye alicheka, akasema yeye mzima wa afya, hachomi sindano kwa ajili ya punda aliyekwisha kufa. Mzee Nassoro, ambaye hana kawaida ya kupandisha sauti, alimpigia Daktari Diana, akampa Nasibu simu, naye daktari akaipeleka simu mlangoni pa kile chumba, akamwacha Nasibu asikie. Sitaeleza alichosikia. Nasibu mwenyewe ndiye aliyefungua mlango wa gari akapanda.

Halidi na Mwanahawa hawakuwapo. Baada ya kupoteza punda walikuwa wamefunga nyumba wakaenda kufanya vibarua vya kuvuna, wengine wakisema Gairo, wengine wakisema mbele zaidi, na simu ya Halidi haikupatikana. Jumamosi nzima Nassoro na Stella walipita mashamba ya Gairo wakiuliza mtu mrefu mwenye mke mjamzito. Ndiyo, Mwanahawa ni mjamzito. Dada yetu alikuwa akijua, hakutuambia sisi mpaka Jumamosi jioni ile, na aliposema alilia kwa mara ya kwanza tangu alazwe, akisema, "Yule alimnywesha uji kwa mkono, Paulo. Kwa mkono. Nilimwona, na sikumkataza."

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, kwenye mnada, Stella alimwona Halidi amekaa juu ya gunia. Alipoambiwa hakuelewa, alifikiri wamekuja kumdai fidia, akasimama atoroke, na Stella akamshika kanzu akamwambia, "Dada Daktari wako anakufa, na anakuulizia wewe." Alasiri hiyo wote wawili walichomwa sindano za kwanza, na Daktari Diana akaingia mwenyewe chumbani kumwambia mgonjwa kuwa wamepatikana, wamechomwa, na kwamba sindano hizo hazimdhuru mtoto aliye tumboni.

Eufrazia alifumba macho, na mkono wake ukalegea kwenye shuka kwa namna ambayo haukuwa umelegea tangu Ijumaa. Padre alimpaka mafuta matakatifu Jumatatu. Aliagana na Irene na Faraja kupitia dirishani, kwa kuwa hakutaka wamkaribie, na yale aliyowaambia ni yao. Dada yetu Eufrazia aliaga dunia Jumatano, tarehe 14 Mei 2025, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano, ameacha mume, watoto wawili, mama mzazi, na ndugu watano.

Habari zilipofika Kihonda, vijana wa mtaa walishika marungu. Hadi Alhamisi mchana walikuwa wamekwisha kuua mbwa kando ya reli, wakielekea Kimbilio, na hatuwezi kuwalaumu kwa kuogopa, ila Irene alikwenda kusimama langoni na nguo zake za msiba, pamoja na Stella, akawaambia kwamba wanyama wote mle ndani wamechanjwa na mama yake kwa mkono wake, kwamba aliyemuua hakutoka mle, na kwamba wale wasiochanjwa wako majumbani mwao wenyewe, wanalala milangoni mwao. Wakaondoka. Mmoja alirudi baadaye, anaburuta mbwa wake kwa kamba, akauliza kama anaweza kuchanjwa leo leo.

Kwa hiyo, familia inatangaza kwamba Jumamosi ijayo, tarehe 24 Mei, lango la Kimbilio litakuwa wazi kuanzia asubuhi, na chanjo ya mbwa na paka itatolewa bure na maofisa mifugo waliokuwa wenzake. Mliokusudia kuleta mashada ya maua, leteni mbwa. Na yeyote hapa aliyeng'atwa au kukwaruzwa, hata kama ni zamani, hata kama ni kidogo, asione haya, Daktari Diana atakaa pale chini ya turubai baada ya maziko.

Familia inatoa shukrani kwa Daktari Diana na wauguzi wote walioingia chumba kile wakati wengine walipopita mbali, kwa Baba Paroko, kwa jumuiya ndogo ndogo za Kihonda na za hapa Nyandira, kwa wafanyakazi wenzake wa Manispaa, kwa wahadhiri, mafundi na wanafunzi wa Mazimbu waliosimama na shemeji yetu, kwa majirani, kwa Stella, na kwa mzee Nassoro, ambaye ameendesha gari siku zote hizi na juzi ndipo alipokumbuka kwamba na yeye alimshika punda yule kamba, akaenda kuchomwa.

Halidi, Mwanahawa na Nasibu wapo hapa, wamekaa mstari wa pili. Sindano zao bado hazijaisha. Daktari anasema kuna matumaini makubwa, lakini hasemi kwamba ni hakika, na miezi ya kungoja bado ipo, kila mmoja wao akiwashwa mkono anakosa pumzi, na sisi tukiwaona wananyanyua kikombe tunanyamaza mpaka wameze. Huo ndio ukweli wa msiba huu, na tusingependa mtu yeyote arudi nyumbani akidhani umekwisha.

Eufrazia, binti Kobelo, mama wa Irene na Faraja, kazi ya kuogopa umeifanya kwa niaba yetu sote tangu ukiwa mdogo. Sasa tutaogopa sisi. Wewe lala, dada, upumzike kwa amani.